Majina Kumi na Manne na Sakafu Moja

Mwaka 1954, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilifukuzwa kazi, na shida yangu ilianzia hapo. Habari za baba na mama yangu sitaziandika. Hawakuwemo katika mambo ya mwaka ule. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza atafute kwingine. Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Kabeya, na kwenye matanga yake binti yake Odia aliniuliza swali mbele ya watu. Nilimjibu kweli, lakini nilimjibu nusu. Nusu nyingine naiweka hapa, na mtu asiniulize kwa nini imechelewa.

Kazi niliyofukuzwa ilikuwa kutunza kiwanja cha tenisi cha klabu moja ya Wazungu hapa Élisabethville, kule ville, mjini kwao, mahali ambapo mtu mweusi aliingia kwa kazi na kutoka kazi ilipokwisha. Watu wanadhani kiwanja cha tenisi ni udongo tu. Ni udongo wa kichuguu, tena si kila kichuguu. Unatafuta kichuguu kilichokufa, ambacho mchwa walikihama zamani. Kile kilicho hai bado kina vyumba na unyevu wao ndani. Ukikitwanga leo, baada ya mwezi kinapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua kiatu. Unachimba chini, karibu na kitako chake. Unatwanga, unachekecha kwa chekeche ya unga, unatandaza unene wa kidole gumba, unamwagia maji, kisha unafunika kwa magunia yaliyolowa siku tatu. Tatu, si mbili. Halafu unavuta rulo, lile gogo zito la chuma lenye mpini, asubuhi na jioni, mpaka sakafu inang'aa kama meza. Mvua ya Katanga inyeshe inavyotaka. Baada ya saa moja maji yamekwisha teremka na Mzungu anacheza kwa viatu vyeupe. Mzee aliyenitangulia alinionyesha rulo na chekeche, akafa. Mambo ya kichuguu kilichokufa na siku tatu niliyagundua mwenyewe, kwa kuharibu.

Saa sita mchana Wazungu walikwenda kula na kulala, na klabu ikabaki kwetu. Mimi na mpishi tulikuwa na glavu tulizoshona kwa gunia na kujaza matambara. Tulipigana ngumi katikati ya kiwanja, pekupeku, raundi tatu kila siku, mpishi akihesabu kwa kupiga sufuria hata wakati ninampiga yeye. Siku moja msimamizi wa klabu alirudi mapema akaona nyayo.

“Hii miguu ya nani?”

“Yangu, Bwana.”

“Ulifanya nini hapa?”

“Ngumi, Bwana.”

Alicheka kwanza, halafu akanifukuza. Kule kufukuzwa nilikuwa nakutazamia siku yoyote. Kicheko ndicho kilichonichoma. Na niseme hivi pia: zile nyayo zilikuwa hazijaingia hata unene wa ukucha. Ndivyo sakafu yangu ilivyokuwa. Nilichukua chekeche, kwa sababu nilikuwa nimeinunua mwenyewe, nikaenda zangu Kenya.

Kenya yetu si ile nchi. Ni mtaa wa wafanyakazi, na wakati ule ulikuwa bado na viwanja vitupu na majani marefu. Nilikaa katika chumba cha nyuma cha Kabeya. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, miaka ishirini na saba, karani kwenye stesheni ya reli, kazi ya Leta, yaani ya serikali, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mgongoni. Nilimwita Yaya, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu, ingawa hatukuwa kabila moja. Mke wake, Mama Ngalula, hakuniuliza nimefukuzwa kwa nini. Aliongeza unga kwenye chungu, basi. Lakini alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza nilipokaa mezani bila kazi alisema, akinitengea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, “Kula, mushampioni. Mutu mwenye alipigana na kiwanja ya Bazungu, anahitaji nguvu.” Kabeya alicheka mpaka sombe ikamwingia puani. Chumba kile nakiona mpaka sasa. Meza ilikuwa na kitambaa cha mpira chenye maua mekundu, na maua yalikuwa yamefutika upande aliokaa Kabeya kwa sababu ya viwiko vyake. Chupa ya wino ilikaa dirishani. Kulikuwa na mlango usiofunga vizuri, na nyuma yake uani Mama Ngalula akipepeta unga na kusikia kila kitu.

Mvua zilianza. Siku za Mungu baada ya misa watu wa Kenya hawakuwa na la kufanya. Uwanja wa mpira ulikuwa tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mechi ilianza saa tisa ikafa saa tisa na robo. Vijana wa ngumi, ambao kiangazi kizima walifanya mazoezi nyuma ya soko, walisimama mpaka Aprili. Wanaume walijipanga chini ya vibaraza kama nguo zilizoanikwa, wakinywa na kutafuta mtu wa kugombana naye. Mimi nilikuwa nimekaa mezani nikitazama maji yanavyosimama uani kwa Kabeya, na nilijua kwa nini yanasimama, na nilijua jinsi ya kuyafanya yasisimame.

Nikasema, “Yaya, hii mvua inaua siku ya Mungu ya bantu bote. Kama tungekuwa na sakafu yenye kukauka, na paa juu, na kamba ine, bantu bangeona ngumi mvua yote.”

Kabeya aliacha kutafuna. “Rudilia.”

Nikarudilia. Akafuta mkono, akaenda dirishani akachukua wino. Aliniambia jambo nililokuwa silijui: Bwana wa cité, yule Mbelgiji aliyesimamia mitaa yetu, alikuwa anagawa viwanja vipya karibu na soko, na hakutaka maneno ya mdomo. Alitaka karatasi. Aandikiwe ni kazi gani, ni ya nani, watu watatoka wapi, siku zipi, maji yatapita wapi, choo kitakuwa wapi. Asiye na karatasi arudi kwake.

“Tuanze,” alisema. “Bantu batakuya juu ya nini, sababu gani?”

“Juu ya ngumi.”

“Ngumi inapiganwa mu barabara bure. Batakuya juu ya nini?”

Nilifikiri mpaka bukari ikapoa. “Juu ya mvua.”

Akainama akaandika kwa Kifaransa, akaandika, akaandika. Nilipoangalia ilikuwa mistari minne. “Yaya, mvua moja njo mistari ine?”

“Kifaransa iko na mvua mingi, mudogo wangu. Ikala.”

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku za Mungu saba mfululizo. Leo vijana wanaojifunza biashara wananiambia kuna jina la kazi ile na watu wanaisomea miaka. Sisi tuliifanya mezani, na kila swali ambalo Kabeya alishindwa kuliandika mimi nilitumwa kwenda kulitafuta kwa miguu. Alitaka kujua watu wangapi wanakaa bure siku ya mvua. Nilizunguka Kenya na mahindi mifukoni: mfuko wa kulia punje moja kwa kila mwanaume aliyekaa chini ya kibaraza, mfuko wa kushoto punje moja kwa kila aliyekuwa akitembea akijua anakokwenda. Nilirudi nimelowa, nikamwaga mafungu mawili juu ya kitambaa cha maua. Fungu la kulia lilikuwa kubwa hata Kabeya akapiga mluzi. Tulihesabu, akaandika, na mlango ukasukumwa kwa goti.

“Ile mahindi mulimaliza kuiandika?” Mama Ngalula aliuliza. “Leteni nipike.”

Tulikula hesabu yetu jioni ile na maharagwe.

Yeye ndiye aliyetuokoa na ujinga mwingine. Kabeya alikuwa anasoma ukurasa wa viti, nani atakaa wapi, na sauti ikatoka uani: “Na benchi ya banamuke?”

“Banamuke na ngumi, wapi na wapi?” Kabeya alimjibu.

“Kama mie sina pa kuikala, weye unaenda na nani? Mukienda banaume peke yenu mutakunywa, mutapigana inje ya kamba, polisi batafunga mulango siku ya kwanza. Muntu mwenye bibi yake anamuangalia hapigane bule.”

Tulitazamana. Kabeya akachovya kalamu akaandika: benchi ya wanawake, upande ambao paa halivuji, na mahali pa kuuzia karanga na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Nimekaa na biashara ile maisha yangu yote, na nasema waziwazi: kurasa zilikuwa za Kabeya, sakafu ilikuwa yangu, na benchi ndiyo iliyotufanya tudumu. Jina la Mama Ngalula halikuandikwa popote.

Sasa kosa letu. Wakati ule hapa mjini kila kabila lilikuwa na chama chake, na kila chama kilikuwa na prezida, na prezida alikuwa na makamu, na makamu alikuwa na msaidizi. Mtu aliyeshinda wiki nzima akiitwa boy kule ville alitaka siku ya Mungu aitwe kitu. Sisi tulihitaji matofali ya sale, ule ukumbi wa ngumi. Mwenye tanuru alisema matofali yapo, tena ya bei ya undugu, halafu akauliza, “Lakini mie niko nani mu ile karatasi?” Kabeya akamwandika makamu wa prezida. Seremala alipokubali kupiga paa, akawa mshauri. Shemeji yake seremala alikuja naye tu, hakuahidi hata msumari, lakini aliamkia vizuri, akaandikwa mshauri wa pili. Fundi cherehani wa glavu alitaka kuwa prezida wa heshima, na tulipomweleza kwamba cheo hicho hakina kazi alifurahi zaidi. Kila jioni kulikuwa na mtu mlangoni amevaa koti. Kabeya aliwapokea wote, maana alipenda mambo hayo; mwandiko wake kwenye ukurasa ule ulikuwa mzuri kuliko kurasa nyingine zote. Mwisho majina yalifika kumi na manne.

Alinisomea. La kwanza: Prezida, Kabeya.

“Na mie?” nikauliza.

“Uko pa mwisho, mudogo. Namba kumi na ine. Mwenye kutunza sakafu.”

“Kwa Bazungu njo nilikuwa mwenye kutunza sakafu.”

“Pale ilikuwa sakafu yabo. Hapa iko yetu.”

Alisema kwa moyo safi, nalijua hilo. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimeza bukari juu yake, halikushuka.

Siku iliyofuata Kabeya alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka karatasi. Nilikaa kwenye benchi nje ya biro ya Bwana wa cité tangu saa moja mpaka karibu saa sita. Nilipoingia nilimjua mara moja. Alikuwa anacheza tenisi kila Jumamosi kwenye kiwanja changu. Nimemwokotea mipira zaidi ya mara mia. Yeye hakunijua. Macho yake yalikuwa hayajawahi kufika usoni kwangu. Alisoma polepole, penseli nyekundu mkononi. Kwenye mvua alicheka kidogo, kicheko kizuri. Kwenye benchi ya wanawake alitia alama. Nikaona inapita. Halafu akafika ukurasa wa mwisho.

“Hii nini? Kumi na ine?” Alisema Kiswahili cha Wazungu, kile cha kuamuru. “Prezida, makamu, mushauri, mushauri tena. Hii hapana sale ya ngumi. Hii guvernema!”

Alikuwa amekunja uso kweli, maana wakati ule Wazungu walianza kuogopa kila mkutano wa watu weusi wenye orodha.

“Mimi nataka jina moja. Bantu nakipigana, mimi naita muntu moja, hapana kumi na ine.” Penseli ikapita kwenye karatasi, akaikunja, akanirudishia. “Andika karani. Ule wa mbele. Yeye najua kusoma. Siku ya posho, Jumamosi, mwisho. Kuko mutu ya samaki ya chumvi nataka kile kiwanja vilevile.”

Nilitembea kutoka biro mpaka Kenya. Njia ile ni ndefu ya kutosha kwa mtu kuamua. Niliamua kabla sijafika sokoni, na sikuwa na hasira wala sikusikia sauti yoyote ya shetani. Nilipita kwenye kile kiwanja, nikakitazama, majani mpaka kiunoni, na katikati nikaona sakafu. Niliona pia mtu amesimama mlangoni akipokea watu, na mtu mwingine ameinama na gunia lililolowa. Yule aliyeinama alikuwa mimi.

Jioni Kabeya aliporudi nilimwambia sale inakubaliwa lakini kwa jina moja tu, mwisho Jumamosi. Nilimpa karatasi. Hakukasirika. Alikaa, akafungua wino, akafungua ukurasa wa mwisho, na kwanza alifanya mchezo, akiwakata mmoja mmoja kwa mkono na kuwaaga: “Pardon, Bwana makamu. Pardon, mushauri. Pardon, mushauri wa pili, weye hata haukuikala.” Nilicheka naye. Makamu na washauri wakaisha, prezida wa heshima akaisha, mpaka wakabaki wawili, wa kwanza na wa kumi na nne. Akaifuta kalamu kwa kitambaa. Uani ungo ukanyamaza.

“Bwana alisema nani?” aliuliza, bila kuinua kichwa.

“Alisema moja.”

Hiyo ndiyo nusu nyingine. Niliulizwa wazi na nikajibu hivyo. Kisha nikaongeza mengine, kwa kuwa mtu aliyeanza hawezi kunyamaza: “Yaya, weye uko na kazi ya Leta. Uko na meza na kiti kwa stesheni. Mie niko na chekeche tu.”

“Na sakafu njo yako,” akasema.

Kabeya akavuta droo akatoa rula. Wale kumi na wawili aliwakata kwa mkono tu. Jina lake alilikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Halafu akachukua karatasi mpya, akanakili kila kitu, na chini akaandika jina langu, Mwansa, kwa herufi kubwa, akanionyesha jinsi ya kutia sahihi, mara tatu kwenye gazeti kabla ya kwenye karatasi yenyewe. Mama Ngalula alisimama mlangoni na unga mpaka viwikoni. Alisema neno moja tu, “Kabeya.” Mume wake alimjibu kwa Kiluba cha kwao, ambacho mimi sikukielewa, na mama akarudi kwenye ungo wake, akaupiga kana kwamba umemkosea.

Lakini nilijua Bwana ataniuliza karani yuko wapi, na kwamba jina langu peke yake halitapita mlango ule. Kesho yake asubuhi nilikwenda na jembe mpaka upande wa mto, kwenye kichuguu nilichokijua, kilichokufa kabla sijazaliwa. Nilitwanga, nikachekecha, nikatandaza juu ya mlango wa zamani wa choo, upana wa mikono miwili, nikaufunika kwa magunia siku tatu. Sikuwa na rulo; niliusugua udongo kwa chupa ya bia. Jumamosi asubuhi Kabeya akaniazimia mkokoteni wa stesheni, na mtu aliyekuwa anasukuma nyuma, njia nzima, kabla hajakwenda kazini, alikuwa Kabeya mwenyewe. Tulifika, akaniwekea kola vizuri, akaenda zake.

“Karani iko wapi?” Bwana aliuliza.

“Karani iko kazini, Bwana. Muntu ya sakafu njo mie.”

Kabla hajasema neno nilikuwa nimeweka ule mlango chini, mbele ya meza yake, nikauinamisha kidogo, nikamwaga chupa nzima ya maji. Maji yaliteremka yote. Yalikwenda mpaka kwenye viatu vyake. Nikapitisha kiganja juu ya udongo nikamwonyesha: mkavu. Askari wa mlangoni alikuja kunishika, Bwana akamzuia kwa mkono. Akainuka akakanyaga kwa kisigino, akazungusha. Hakuna kilichobanduka. Ndipo akanitazama usoni, mara ya kwanza.

“Wewe nilikuwa kule tenisi.”

“Ndiyo, Bwana.”

“Kile kiwanja sasa napasuka. Mbaya kabisa.”

“Najua, Bwana.”

“Nani nakuambia?”

“Hakuna mutu. Walichimba kichuguu chenye mchwa, hawakungoja siku tatu.”

Alirudi kukaa. Alikuwa mtu anayependa mchezo wake kuliko chakula, na mimi nilikuwa nimelijua hilo siku nyingi, tangu nyuma ya wavu. “Wewe tengeneza ile,” alisema. “Mimi natia sahihi hii.”

Nikamwambia nitatengeneza mara moja, nitamfundisha aliye pale, halafu nitarudi Kenya, na sitarudi tena kule kama mfanyakazi. Nilisema hivyo kwa Mzungu, mwaka 1954, pekupeku, na maji kwenye sakafu yake. Alitia muhuri. Nilikuwa na kiburi siku ile na ninacho mpaka leo. Sakafu ile ilistahili muhuri wake. Kwamba ilistahili hakubadilishi nililofanya mezani. Nimejaribu miaka mingi kulifanya moja lilipe lingine, haikuwezekana.

Mwenye tanuru aliposikia hakuna tena makamu alichukua nusu ya matofali yake, kwa hiyo mwaka wa kwanza ukuta wetu ulifika kifuani tu. Seremala alibaki, shemeji yake hatukumwona tena. Kiangazi kizima Kabeya alibeba udongo siku za Mungu, amekunja suruali ya karani mpaka magotini, na watu wa kwao wakimcheka njiani. Mvua ya kwanza iliponyesha, mwisho wa mwaka uliofuata, ilikuwa baada ya misa. Ilinyesha vizuri, ikakatika, na uwanja wa mpira ukawa ziwa. Kwetu upepo ulikuwa umetupa maji juu ya ukuta mfupi; yakateremka, magunia ya unga wa mbao yakatandikwa ndani ya kamba, na kabla ya saa kumi watu walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Benchi ya wanawake ilijaa kwanza. Mama Ngalula aliuza karanga zote. Mlangoni alisimama Kabeya na koti lake, akipokea kila mtu kwa mkono, na mtu mmoja akasema, “Jambo, Prezida.” Akaitika. Mtaa mzima ulimwita hivyo mpaka alipokufa, na hakuwa prezida wa kitu chochote.

Mimi siku ile nilikuwa mwenye sale, na nilikuwa nimeinama na gunia lililolowa, maana hakuna mwingine aliyejua kazi ile.

Hatukusema habari za karatasi tena. Si kwamba tulikosana. Tulikula pamoja mamia ya mara, nilishika mtoto wake wa tatu kanisani, na Mama Ngalula alipokufa ni mimi niliyechagua mahali pa kaburi, pasiposimama maji. Kabeya naye, kwa miaka yote ile, alinitania kwa kila kitu nilichonacho, nyumba, tumbo, wake zangu. Kwa sale hakunitania hata mara moja. Hilo ningepaswa kulisikia.

Kwenye matanga yake tulikuwa tumekaa uani, bukari imepita, wazee wanaongea habari za stesheni ya zamani, na Odia akatoka ndani na bahasha. Alikuwa amepanga vitu vya baba yake. “Papa Mwansa, angalia. Hii iko karatasi ya sale, ile ya mbele mbele. Papa alikuwa prezida! Juu ya nini jina yake ilikatwa?” Uani wote ukageuka. Nikasema, “Aliikata mwenyewe, mama. Na rula.” Wazee wakasema eeh, ndivyo alivyokuwa Kabeya, mtu wa kujinyima. Odia akafuta macho. Ndipo nikavaa miwani nikaichukua ile karatasi, ambayo nilikuwa sijaishika tangu nilipoipokea kwa Bwana ikiwa imekunjwa, na sikuikunjua njiani kwa sababu kusoma hakukuwa kazi yangu, na mezani sikuthubutu kuitazama kwa karibu.

Kulizunguka jina la kwanza kuna duara la penseli nyekundu. Limefifia, lakini lipo. Mstari wa rula unapita katikati yake, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kabeya aliponiuliza Bwana alisema nani, duara lilikuwa chini ya macho yake, wino haujakauka kwa wale kumi na wawili. Hakuwa anauliza ili ajue.

Niliirudisha kwenye bahasha. Uani ule watu walikuwa wanalia vizuri, wanamlilia mtu mwema, nikaona si mahali pa kusema nusu nyingine. Nimekwenda nyumbani nikaandika. Odia atasoma kabla ya mtu mwingine.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba mbili Kenya, moja ya matofali ya kuchoma. Shamba upande wa barabara ya Kasenga, lenye vichuguu vinne, viwili vimekufa. Sale, paa limebadilishwa mara tatu, sakafu ni ileile, haijapasuka. Benchi ya wanawake. Rulo. Chekeche, wavu mpya, mbao za zamani. Livret, hati ya kiwanja, jina moja, la kwangu. Karatasi yenye duara si yangu. Iko kwa Odia.